Sauti za marehemu mama na siri za watu zimo ndani ya simu moja

SWALI

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba. Nashona nguo, na kwa miaka kumi na mbili sasa mimi ni somo, mfundaji wa wari, wasichana wanaoolewa. Wari niliowasimamia hawaishii siku ya harusi. Wakipatwa na jambo, la mume, la mkwe, la mimba, hunitafuta mimi. Zamani walikuja kwa miguu, tukaingia chumbani tukafunga mlango. Siku hizi wananiandikia WhatsApp. Nina mambo ya watu humo ambayo hata mume wangu sijamwambia, na yeye hajaniuliza.

Mama yangu alifariki mwaka jana, siku tatu baada ya Idd el-Fitr. Miaka yake ya mwisho aliishi Unguja, Jang'ombe, kwa dada yangu mkubwa, kwa sababu ya kliniki za Mnazi Mmoja. Mama hakujua kuandika kwenye simu. Mtoto wa dada alikuwa akimbonyezea, naye anasema. Kila voisi yake inaanza vile vile: utamsikia anamuuliza mtoto, "Kishaanza?" na mtoto anamjibu, "Sema bibi." Hapo ndipo anaponisalimia. Ninazo zaidi ya mia mbili. Moja ananifundisha mkate wa ufuta. Amefika kwenye tui akaanza kukohoa, akasema ngoja, na kimya chake kimo mpaka aliporudi. Hiyo huisikiliza nikiwa peke yangu.

Sasa simu inakufa. Betri imevimba mpaka mfuniko wa nyuma umeachana, na kioo kimeingia mstari wa kijani. Fundi wa Chake Chake ameniambia ninunue nyingine nisichelewe, "washa bekapu tu, ile nakala ya akiba, kila kitu kitarudi". Hapo ndipo penye khofu yangu.

Simu hii nilipoinunua, miaka minne nyuma, aliyenifungulia imeili ni mpwa wa mume wangu, kijana anayeyajua mambo haya. Nenosiri aliliweka yeye, mpaka leo mimi silijui. Mwaka juzi mwari wangu mmoja alinitumia picha ya mkono wake uliovimba baada ya ugomvi na mumewe. Haikupita wiki, kijana akaniuliza mbele ya watu, "Yule aliyeumia mkono ni nani?" Nilikosa pa kuuweka uso. Nikasema ni jamaa wa mbali. Usiku ule ule nikazima bekapu, na tangu hapo sijaiwasha.

Shoga yangu ananiambia WhatsApp imefungwa, hakuna anayeona, ni wasiwasi wangu tu. Mwanangu yuko kidato cha tano, anasema shoga yangu anakosea, nihamie Signal, programu nyengine ya ujumbe. Nauliza: nikiwasha bekapu nitawaanika watu walioniamini? Na nisipoiwasha, sauti za mama zitakwenda na simu hii?

Somo, Wete

JIBU

Wa aleikum salaam dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama na amfanyie wepesi huko alipo.

Nianze na lisilosubiri. Betri iliyovimba haibonyezwi, haichajiwi, wala haiwekwi chini ya mto. Inaweza kushika moto. Kabla ya simu mpya, ibadilishe hiyo betri. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi, na itakupa nafasi ya kuhamisha vyako kwa utulivu badala ya kukimbizana na simu inayozimika. Fundi akikuomba patani, ule mchoro wa kufungulia simu, "ya kujaribia", usimpe, kubadilisha betri hakuhitaji patani. Kaa pale pale mpaka amalize, uiwashe mwenyewe na uifungue mwenyewe.

Sasa hilo la picha, maana nahisi umekaa nalo muda mrefu ukiilaumu bekapu. Kwa ulivyoeleza, picha ile ilipita mlango mwengine kabisa. WhatsApp ikipokea picha huiweka pia kwenye matunzio ya simu, pamoja na picha zako za harusi na za watoto. Google Photos nayo, ikiwa imewashwa na folda ya WhatsApp imechaguliwa, huzichukua picha hizo ikazipandisha kwenye akaunti ya Google, ndiyo ile imeili aliyokufungulia kijana. Aliyeingia kwenye akaunti hiyo hiyo kwa simu yake zinamjia tu, hata asipozitafuta. Bekapu ya mazungumzo haiko hivyo. Ile ni faili lililofichwa ndani ya Drive, ghala la mtandaoni la Google. Mwenye akaunti anaweza kuona kwamba lipo, na anaweza kulifuta, lakini kwa njia ya kawaida hawezi kulifungua akakaa akasoma, kwa sababu kuyarudisha mazungumzo kunataka namba yako ithibitishwe kwa ujumbe unaoingia kwenye laini yako. Maana yake ni kwamba ulizima kitu kisichokuwa na kosa, na kilichotoboa siri huenda bado kinafanya kazi. Huenda mpaka wiki hii picha unazotumiwa zinafika kwa kijana.

Simsemei kijana. Inawezekana hakupekua, alifungua simu yake akakuta mkono wa mtu. Lakini alipoona kitu si chake, ilimpasa akuite pembeni akwambie vitu vyako vinaingia kwake. Kukuuliza mbele ya watu lilikuwa kosa, na wewe mkaza mjomba wake una haki ya kumwambia hivyo bila kupandisha sauti. Aitoe akaunti ile kwenye simu yake wewe ukiona. Usitosheke na hilo, kwani nenosiri bado liko kichwani mwake. Fungua akaunti mpya ya Google, yako peke yako. Mwanao akae pembeni akuelekeze, ila nenosiri ubonyeze wewe, na namba ya kuirejeshea akaunti iwe ya laini yako. Kwa njia hiyo hiyo hebu hakikisha laini yenyewe imesajiliwa kwa alama yako ya kidole, isiwe kwa jina la aliyekununulia. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa Gumzo, uzime picha zisionekane kwenye matunzio, na ndani ya Google Photos angalia folda zinazopandishwa, ya WhatsApp isiwemo.

Picha zilizokwisha kufika kwenye akaunti ya zamani zinataka tahadhari. Ukizifuta kule zinaweza kufutika na ndani ya simu yako, kwa hiyo zile unazozitaka zihamishe kwanza. Ukishafuta, safisha na pipa la taka, kwa sababu picha hukaa humo hadi siku 60 zikimsubiri wa kuzirudisha.

Nije kwa shoga yako. Hakukudanganya, ila aliishia nusu ya safari. Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp unafumbwa ndani ya simu ya anayetuma na kufumbuliwa ndani ya simu ya anayepokea. Katikati hapo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Chukulia mtu ametia barua ndani ya kasha, akalifunga, akalipakia bandari ya Malindi, Unguja, liletwe Mkoani. Nahodha halifungui, mpagazi halifungui, funguo ziko mbili tu, kwake na kwako. Lakini barua ikishafika unaitoa, unaisoma, inabaki mezani kwako. Bekapu ni kuchukua barua zote za mezani, ukazitolea nakala, ukazipeleka ghalani kwa mtu. Kwa miaka mingi nakala hiyo ya ghalani haikufunikwa na kufuli lile la safari. Kilichoilinda ni akaunti ya Google na kuthibitishwa kwa namba, na ufunguo wake haukuwa mkononi mwako peke yako. Oktoba 2021 ndipo WhatsApp walipoanza kuruhusu nakala nayo ifumbwe kwa ufunguo wa mwenyewe. Watu wengi hawalijui hili, na haliwaki lenyewe. Lazima uende kwenye hifadhi ya gumzo, utafute panaposema hifadhi iliyosimbwa fiche mwisho hadi mwisho, uiwashe kwa mkono wako.

Ukiiwasha, miongoni mwa utakavyoambiwa uchague ni nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Chagua nenosiri. Tarakimu 64 ukizinakili kwa mkono ukikosea moja umekwisha. Weka maneno manne au matano yasiyofuatana kimaana, yatoke kwenye utoto wako, yasiwe majina ya watoto wala tarehe ya ndoa. Na ujue unachokifanya: ukilisahau nenosiri hili na simu imekufa, hakuna wa kumlilia. Kampuni haina nakala yake, na ukibahatisha mara nyingi mno nakala inafungika moja kwa moja. Maadamu simu yako inafanya kazi unaweza kulibadilisha. Simu ikienda, ndiyo basi.

Kwa sababu hiyo nakwambia jambo ambalo wajuzi wa kompyuta watalipinga: liandike. Kwako wewe hatari kubwa ni kusahau, mwizi wa karatasi yuko mbali. Liandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja tia kasha unalowekea vyeti na dhahabu, ufunguo wake ukiwa pindoni mwako. Ya pili itie bahasha, ifunge, mpe dada yako Jang'ombe mkono kwa mkono utakapovuka. Karatasi hiyo usiipige picha, unajua sasa picha zinakwenda wapi. Wala usimtumie kwa ujumbe.

Usilichanganye hilo na namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hukuuliza mara kwa mara. Hiyo inazuia mtu asiiandikishe namba yako kwenye simu yake, na iweke pia, lakini haihusiki na bekapu.

Hata hivyo, kwa kuhamia simu mpya, bekapu usiifanye njia ya kwanza. Tangu 2023 WhatsApp inaweza kuhamisha mazungumzo kutoka simu hadi simu bila kupita kwa mtu. Zikiwa zote mbili Android, ziweke pamoja, zote ziwe zimewashwa waifai. Simu mpya ukiiandikisha kwa namba yako itakuonesha mchoro wa miraba, simu ya zamani unaingia kwenye Gumzo, unachagua kuhamisha, unauskani mchoro ule kwa kamera yake. Mazungumzo yanavuka hapo hapo mezani, wala hayali bando. Ndiyo maana nimeng'ang'ania betri ibadilishwe kwanza. Njia hii inataka simu ya zamani iwe hai mpaka mwisho wa kazi. Bekapu iliyofumbwa ije baada ya hapo, kwa akaunti yako mpya, iwe akiba ya siku simu itakapotumbukia majini pale bandarini. Zuia video zisiingie, kwa sababu Google inatoa GB 15 bila malipo kwa imeili, picha na vyote, na tangu 2024 bekapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa humo. Kuna nakala nyengine WhatsApp kwenye simu za Android hujitengenezea yenyewe kila saa 8 usiku. Hiyo imo ndani ya simu hiyo hiyo, kwa hiyo simu ikizimika nayo imezikwa.

Lakini sauti za mama mimi nisingeziacha WhatsApp hata kama kila nilichokieleza kimekwenda vizuri. WhatsApp ni njia ya kupitia. Akaunti hufungwa, namba hupotea. Zitoe. Fungua mazungumzo yale, pandisha juu kabisa taratibu, uangalie kama kuna voisi yenye alama ya mshale wa kupakua. Hiyo haijaingia kwenye simu, ibonyeze sasa. Kisha tumia sehemu ya kuhamisha gumzo nje, uchague pamoja na sauti. Inachukua jumbe 10,000 za mwisho, nadhani zitakutosha. Zipeleke kwenye kompyuta, uzitie fleshi mbili, moja kwako, moja kwa dada. Mafaili yatatoka na majina ya ajabu ya herufi na tarehe, na aina yake ni opus, ambayo programu ya VLC inaipiga bila tabu. Kaa nayo jioni mbili tatu uyape majina: mkate wa ufuta, siku ya mvua, anapomuombea dua mtoto. Ile ya kikohozi usiikate kile kimya chake. Ikae kama ilivyo.

Hizi sauti hazina siri ya mtu. Zinaweza kuwa kwa dada, kwa kaka, kwa wajukuu, na kadiri zinavyokuwa kwa wengi ndivyo zinavyodumu. Mambo ya wari ni kinyume chake, na tabu yako yote imetokana na kuvitia viwili hivi kwenye mizani moja. Yale uliyopewa ni amana. Mwanamke aliyekuandikia miaka mitatu nyuma kuhusu mumewe, pengine wamekwisha kupatana na wana mtoto wa pili, lakini maneno yake ya siku ile ya hasira bado yamo simuni mwako. Hakukupa uyaweke milele. Ukiyatilia kufuli zuri bado umeyaweka.

Kwa hiyo, ukishatoa ya mama, weka jumbe zinazotoweka. Utachagua saa 24, siku 7 au siku 90. Mimi ningechukua siku 7 kwa kila mazungumzo mapya na wari. Hazifuti ya nyuma, ya nyuma utayafuta wewe, mtu mmoja mmoja. Kwa dada yako na watoto usiweke. Na waambie wari ukweli: bekapu ukiifumba wewe umefumba nakala yako tu, nakala iliyoko kwenye simu ya mwari inategemea yeye kaifanyaje, na wako wengi ambao simu zao zilifunguliwa na mume au kaka, kama yako ilivyofunguliwa na kijana. Mwenye jambo zito apige simu, au aje. Mlango wa chumbani kwako bado unafungika.

Ila picha ya mkono ule usiifute bila kumuuliza mwenyewe. Hapa nakusihi. Picha ya jeraha yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi wake siku atakapoamua kusema, na siku hiyo hutaijua wewe. Muulize anataka ikae wapi. Kama hali ile inaendelea, mwambie kwamba kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, Chake Chake ikiwamo, ambako daktari, polisi na mshauri wako mahali pamoja. Mpeleke wewe kama anaona haya kwenda peke yake. Somo ndiyo kazi yake.

Mwanao na Signal yake nampa haki, ni programu nzuri, haipeleki nakala popote mpaka wewe uiambie. Tangu Septemba 2025 wameanza kutoa bekapu yao ya mtandaoni, nayo imefumbwa kwa ufunguo wa herufi 64 ambao ukiupoteza hawawezi kukurudishia. Lakini wari wako wako WhatsApp. Mwenye mimba anayetokwa na damu saa 6 usiku hatakwenda kupakua programu mpya. Ukitaka, itumie kwa wawili watatu wenye mambo mazito. Na mtu akikwambia hamia Telegram kwa sababu haipotezi kitu, mwambie haipotezi kwa sababu mazungumzo yake ya kawaida yanakaa kwenye kompyuta za kampuni, hayafumbwi mwisho hadi mwisho. Yanayofumbwa hivyo ni yale ya siri tu, uliyoyafungua kwa makusudi. Zile WhatsApp za kutengenezwa mitaani, kama GBWhatsApp na mfano wake, usiziguse. Hujui nani kaziunda, na akaunti yako inaweza kufungiwa.

Jambo la mwisho, nalo lifanye leo kabla hujapanda gari ya Chake. Voisi zile hazikuzaliwa kwenye simu yako, zilirekodiwa Jang'ombe. Mpigie dada umuulize: yule mtoto aliyekuwa akimbonyezea bibi yake, simu ile bado anayo? Kama anayo, asiiflashi, asiiuze, asimpe mtu, mpaka mtakapoonana.